NILIVYOKULA HISTORIA KWAI

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mtoto wa mjini uliyezoea chipsi mayai za kona, wiki hii funga mkanda nikupeleke Kwai, huko milima ya Usambara. Pale Mombo basi liliacha barabara kuu likaanza kupanda, kona juu ya kona, bonde huku na mwamba kule. Kilometa 30 na ushee tu, lakini tulipofika Lushoto sweta lilikuwa limeshatoka kwenye begi. Baridi si mchezo!

Mwenyeji wangu ni kijana anayetembeza watalii. Jina kaniomba nilihifadhi, maana mzee wake hajamsamehe kuacha shamba la kabichi. "Anasema natembea bure na Wazungu," aliniambia huku akicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha upande mmoja.

Kama mimi, naye aliishia kidato cha nne. Somo alilolipenda ni historia, lakini habari za kwao Shambaai hakuzipata darasani. Alizipata kwa babu yake, jikoni, wakisubiri makande yaive. Na makande, nakwambia, hayaivi upesi.

Tukapitia Magamba kwa miguu hadi Kwai. Akasimama, akanionyesha mashamba ya mboga.

"Mwaka 1896 Wajerumani walifungua hapa shamba la majaribio la serikali. Wakaleta ng'ombe wa Ulaya, wakajaribu viazi na nafaka za kwao. Hali ya hewa iliwakumbusha nyumbani, kaka."

Lushoto yenyewe waliiita Wilhelmstal, jina la mfalme wao. Mwaka 1905 reli kutoka Tanga ikafika Mombo, safari ya milimani ikawa nyepesi. Kinachomuudhi jamaa ni kwamba wageni wengi wanataka hayo tu, utadhani kabla ya Mjerumani milima ilikuwa imelala.

Basi njaa ikabisha hodi. Alinipeleka kwenye kijiwe chake namba moja, kibanda cha mama mmoja kisicho na hata kibao. "Onga mshi!" akasalimia. Mimi nikakimbilia shikamoo, mama akacheka. Makande yalitoka kwenye chungu cheusi, mahindi na maharage yamelainika, na mboga ya mnavu pembeni. Chungu kimefinyangwa na akina mama wa hapo hapo Kwai. Kwa Wasambaa kazi hiyo ni ya wanawake, binti hurithi kwa mama yake.

Tukiwa tunakula, jamaa akaanza kunipa habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu akawa mwanzo wa ukoo wa Wakilindi, watawala wa Vuga. "Mbegha aliiteka nchi hii..."

"Hakuiteka!"

Sauti ilitoka benchi la nyuma. Kijana akashusha kijiko. Alikuwa baba yake, kaja kula chakula cha mchana.

"Alikaribishwa," mzee akasema. "Aliua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama. Wenyeji nao wakampa vyakula vya shambani. Ufalme ulianza kwa kulishana, si kwa kupigana."

Kimya. Nikajifanya nahangaika na mnavu. Mzee akamaliza sahani yake, akalipa, kisha akamgeukia mwanawe.

"Kama ni lazima uwasimulie watu, basi wasimulie sawasawa. Jioni uje nikueleze habari za Kimweri."

Akaondoka zake. Jamaa hakusema kitu, lakini njia nzima ya kurudi alikuwa akipiga mluzi.

Mengine ninayokuhusia: sokoni Lushoto, nunua plamsi na peasi msimu wake ukifika, ule ukitembea. Ukienda kutazama mandhari ya Irente, ambako nyika yote ya Mombo iko chini ya miguu yako, pitia shamba la Irente upate mkate, jibini na jemu. Huo nao ni urithi wa Wazungu, na ni mtamu, sikatai.

Lakini ukitaka kuijua Usambara yenyewe, anzia kwenye kibanda kisicho na kibao. Agiza makande, kaa karibu na benchi la wazee, na ukikosea historia usiogope. Utasahihishwa papo hapo, tena bila malipo.