Jumapili Bibi Alipopotea Hewani

Wazazi na watoto, intaneti ikigoma msikimbilie kuzima VPN au ulinzi wa kompyuta. Wodini tunapima kwanza, dawa baadaye. Jumapili ya 12 Mei 2024 darasa letu hapa Soweto lilikuwa likiongea na bibi wa Dar es Salaam, picha ikaganda. Umeme ulikuwepo. Tovuti za Johannesburg zilifunguka. Za Tanzania, hola. Basi ugonjwa haukuwa kwetu: nyaya za EASSy na Seacom zilikuwa zimekatika baharini. (EASSy inaanzia Mtunzini, KwaZulu-Natal, inapitia Dar na Mombasa hadi Sudan.) Bibi alidhani watoto wamemchoka. Namba yake iandikeni daftarini. Jioni tulimpata kwa simu ya kawaida. Bado alikuwa amejifunga kanga mpya.