Vidole viwili



Gitaa la kwaya yetu hapa seminarini lina nyuzi tano. Ule wa sita, mnene kuliko yote, ulikatika wakati wa mazoezi ya Noeli, na mpaka leo hatujanunua mwingine. Hata hivyo hatukuacha kubishana nani kati yetu ni mpigaji hodari. Kipimo chetu kilikuwa kasi tu: aliyekimbiza vidole mpaka visionekane, huyo ndiye shujaa.

Kwa kipimo hicho tulimwondoa frateri mmoja kwenye kwaya. Alikuwa akipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, taratibu, kama anayechambua mchele. Tulimwambia akajifunze kwanza kucharaza kama wenzake. Hakubisha. Alilirudisha gitaa stoo, akawa anashinda bustanini saa za mazoezi. (Upole una hatari yake: watu hudhani umeridhika.)

Baada ya wiki kadhaa mwenzetu mmoja alitusikilizisha "Masanga" kwenye simu yake. Mpigaji ni Mwenda Jean Bosco, Mkatanga wa Bunkeya, aliyezaliwa mwaka 1930 na kuimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili cha kwao. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Tulibishana wapigaji ni wangapi. Wengi tulisema wawili, mmoja wa besi na mwingine wa solo.

Kumbe ni mmoja, tena kwa gitaa lisilo la umeme. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene na kushika mapigo. Kidole cha shahada kinaimba kwenye nyuzi nyembamba, nacho hakilifuati dole gumba kama askari kwenye gwaride; kinapenya katikati ya mapigo, kinachelewa kidogo, kinarudi. Mtaalamu wa muziki David Rycroft aliuona upigaji huo kuwa mzito kiasi cha kukaa na kuuandika noti kwa noti. Mwenda hakuongeza chombo wala nyuzi. Alikipa kila kidole sauti yake, na mtindo huo wa vidole viwili ukapigwa mpaka Kenya.

Tulirudia wimbo ule mara nne, kisha tukanyamaza. Kila mmoja alijua mwenzake anamfikiria nani.

Jioni tulimfuata bustanini. Alikuwa anamwagilia mchicha.

"Frateri, tunaomba urudi kwenye kwaya."

"Ule uzi mnene mmeshanunua?"

"Bado."

"Dole gumba langu nilipigishe wapi, ndugu zangu?"

Tumechangishana, na uzi utaletwa Ijumaa. Jumapili atapiga wimbo wa matoleo. Kumwomba radhi bado hatujamwomba.