Barua kutoka Toronto: Fuateni Faili Hadi Mwisho

Ndugu zangu wa Timau,

Sisi tulio ughaibuni tumezoea kusifia majengo, na ni kweli hospitali kadhaa za Ontario zina wauguzi waliofunzwa kumpokea mwanamke aliyebakwa, usiku na mchana. Lakini kinachofaa kuazimwa huku ni namna ya kuzikagua huduma zenyewe. Idara ya takwimu ya Kanada inapozikagua nyumba za hifadhi za wanaokimbia ukatili, haitosheki na idadi ya waliolala humo. Huteua siku moja ikauliza ni wangapi waliobisha hodi wakarudishwa, na kwa sababu gani. Mara nyingi sababu kuu imekuwa kwamba nafasi zimejaa. Kwa swali hilo, mwanamke aliyekosa msaada anaingia kwenye hesabu.

Kwetu Kenya ripoti nyingi humhesabu aliyepokelewa tu, ilhali wanaodhulumiwa ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Mfikirie mmoja wao, kibarua wa shamba la maua hapo Timau, kaunti ya Meru, aliyebakwa Ijumaa usiku. Dawa za kuzuia Ukimwi ni lazima azianze ndani ya saa 72. Anahitaji fomu ya hospitali, fomu ya polisi ya P3, askari wa kuandika maelezo yake, nauli ya kwenda mahakamani, na mahali pa kulala ambapo mbakaji hapafahamu. Nanyuki ni karibu kuliko Meru mjini, lakini iko kaunti nyingine, yenye bajeti yake ya afya. Kila ofisi inaweza kuandika kwamba ilimhudumia, naye akaishia kurudi kwenye ua uleule anakoishi aliyemdhulumu. Ndiyo maana nashikilia kwamba huduma ipimwe kwa kuifuata faili ya mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Meru ina ushahidi wake. Mwaka 2012 Ripples International, shirika lililokuwa likiwahifadhi wasichana walionajisiwa, lilikwenda Mahakama Kuu ya Meru pamoja na wasichana 11, likisaidiwa na mawakili wakiwemo wa shirika la Kanada la Equality Effect. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau aliamua kuwa polisi, kwa kutochunguza malalamiko yao haraka na ipasavyo, walivunja haki zao za kikatiba. Kama kazi ya shirika hilo ingepimwa kwa vitanda na ushauri nasaha peke yake, lingepata alama zote huku waliowanajisi wasichana hao wakitembea huru. Kesi iliwezekana kwa sababu kuna watu waliouliza faili imefika wapi. Kanada nayo ilijifunza hayo kwa aibu: mwaka 2017 gazeti la Globe and Mail lilifichua kuwa polisi walikuwa wakifuta takriban shauri moja kati ya kila matano ya dhuluma za kingono kwa madai kuwa hayana msingi. Maelfu ya faili yalipitiwa upya, na baadhi ya vikosi vikawaruhusu watetezi wa wanawake kuyasoma, chini ya ahadi ya kutunza siri.

Wapo watakaosema Timau ni mji mdogo na siri itavuja. Hofu hiyo ni ya haki, kwa hiyo jina liondolewe, zibaki tarehe na hatua iliyokwama. Wengine watasema kituo cha msaada kisilaumiwe kwa uzembe wa polisi. Nakubali, na faili ndiyo itakayoonyesha kosa liko ofisi gani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wanawake wengi hawataki mume afungwe. Wanataka kipigo kikome. Basi faili ianze kwa kuandika alichoomba yeye, na tumpime kila mtoa huduma kwa hilo. Sheria ya 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani inamruhusu kuomba amri ya mahakama ya kumlinda. Kwa mtoto aliyenajisiwa mambo ni tofauti: wazee hawana mamlaka ya kuyamaliza kwa mbuzi, kwani chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 familia haina uwezo wa kuiondoa kesi.

Kila mahakama nchini ina kamati ya watumiaji wake, ambamo polisi, waendesha mashtaka, wahudumu wa afya na mashirika hukaa meza moja. Iombeni isome katika kila kikao faili za Timau zilizokwama, na idadi ya wanawake waliokosa pa kulala.