Jina Lililoachwa Nje

Twendapo sinema wengi wetu hatusomi majina yanayotangulia. Twangoja watu waanze kutembea na kusema. Lakini pengine jina lipasalo kuwapo halimo.

Mwaka 1934 Mmarekani James M. Cain alitoa riwaya fupi, The Postman Always Rings Twice. Mwaka 1943, Italia ilipokuwa vitani, Luchino Visconti alitoa filamu yake ya kwanza, Ossessione. Nimekisoma kitabu, nimeitazama filamu, na nasema wazi: hadithi ni moja.

Angalieni wenyewe. Kitabuni, Frank, mtu wa kutangatanga, anatupwa chini kutoka katika lori huko California, karibu na hoteli ndogo ya kando ya njia. Katika filamu, Gino, naye mtu wa kutangatanga, anateremshwa katika lori mbele ya hoteli ndogo karibu na mto Po. Pande zote mbili mwenye hoteli ni mtu mchangamfu apendaye kuimba, na mkewe amemchoka. Wanaingia katika uzinzi, wanamwua mume, wanasingizia ajali ya motokari. Zinafuata fedha za bima, kutoaminiana, na mwanamume kukimbilia kwa mwanamke mwingine. Mwishoni mke, mwenye mimba, anakufa katika ajali ya kweli, na mwanamume anashikwa. Hata mimba haikubadilishwa!

Aibaye mbuzi humkata masikio asitambulikane. Hapa Nick aliitwa Bragana, Cora akaitwa Giovanna, basi.

Sisemi kwamba Visconti hakutia kitu chake. Giovanna aketi jikoni usiku katikati ya sahani chafu, amechoka hata anasinzia mbele ya chakula chake; hilo ni la Visconti, na ni zuri. Umaskini wa watu wa Po aliuona kwa macho yake. Lakini jina la Cain halimo katika filamu.

Watu humtetea kwa ajili ya vita. Ni kweli, tangu Desemba 1941 Italia na Marekani zilikuwa maadui, na kumtaja Mmarekani mbele ya wakaguzi wa Mussolini kungaliweza kuleta hatari. Nakubali. Lakini vita vilikwisha mwaka 1945, na amri ya saba haikungoja amani. Jina la mtu ni mstari mmoja tu.

Kuna kitu kingine, nacho kwangu Mkatoliki ni kikubwa. Kitabuni Frank anangoja kifo gerezani, na Padri McConnell anamjia. Frank anaandika yote aliyotenda, na mwishoni anaomba aombewe, yeye na Cora. Filamu inaye padri, Don Remigio, lakini ni rafiki tu wa mume. Gino anakamatwa kando ya maiti, na hakuna anayemjia. Aliyechukua hadithi aliuacha mlango huo.

Kampuni ya Marekani iliyonunua haki za riwaya ile ilizuia filamu isionyeshwe kwao. Wamarekani waliionyeshwa mwaka 1976, miaka 33 baadaye. Cain alikuwa na miaka 84. Mwaka uliofuata akafa.