Mama Hakuondoka

Nilikuwa mtu wa kupenda upesi na kuchukia upesi zaidi. Asubuhi rafiki yangu ni malaika. Jioni, kwa kuwa tu hakunijibu ujumbe, ni adui nisiyetaka hata kumsikia. Nyumbani Tanga walisema nimerithi hasira za marehemu babu. Mimi niliona ni hofu. Hofu ya kuachwa, iliyonikaza tumbo hata mama akichelewa kurudi kutoka soko la Mgandini.

Niliajiriwa, nikaacha kazi kwa jicho moja tu la bosi. Nilichumbiwa, nikavunja uchumba ili nisije kuachwa mimi, na usiku uleule nikampigia kijana wa watu nikilia arudi. Akarudi. Tukaachana tena. Kila vurugu ilipokwisha nilibaki mtupu, sijui napenda nini, sijui mimi ni nani. Mama alinipeleka kwa shehe nikasomewa. Kisomo kilinituliza, na mpaka leo siachi kusoma Yasini, lakini hofu ilirudi.

Kisha ukaja ule usiku wa Ramadhani. Mchumba alikuwa amebadilisha namba. Nilijifungia chumbani. Sikulia. Nilitaka kufa. Sitasimulia zaidi, maana huenda wewe unayesoma uko hapohapo sasa. Kaka alivunja mlango. Wakanishika. Mama akatandika mkeka karibu na kitanda changu. Nikifumbua macho, yupo. Sikumwamini. Nilijua kesho atachoka na mimi. Kesho ikafika. Yupo.

Hospitali ya kwanza, mhudumu mmoja alisema mbele yangu kwamba natafuta kuonewa huruma. Maneno hayo yaliniumiza sana. Kaka hakukata tamaa, akanipeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nina tatizo la haiba linaloitwa bodalaini. Alieleza kwamba kwa watu kama sisi hisia hupanda ghafla na huchelewa kushuka. Sehemu huwa ni ya kuzaliwa nayo, sehemu hutokana na mambo ya utotoni, na si lazima pawepo mtu wa kulaumiwa. Mama alishusha pumzi aliposikia hilo.

Hakuna kidonge kinachouondoa ugonjwa huu. Dawa husaidia yale yanayoambatana nao, kama sonona. Tiba yenyewe ni mazungumzo na mazoezi, tena kwa muda mrefu. Daktari alinisimulia habari za Marsha Linehan wa Marekani, aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Hartford mwaka 1961, akiwa msichana wa miaka 17 anayejiumiza. Baadaye akawa profesa wa saikolojia Seattle, akabuni tiba inayotumika sasa nchi nyingi. Mwaka 2011 akasema hadharani kwamba naye aliwahi kuwa mgonjwa. Nililia. Kumbe mtu hutoka humo!

Nilifundishwa kuitaja hisia kabla ya kuifuata. Nilifundishwa kutotuma ujumbe nikiwa nimewaka. Na moyo ukienda mbio, kutia uso kwenye beseni la maji baridi, kwani hupunguza mapigo (mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza). Mama akacheka, akasema: "Si ungetia udhu tu, mwanangu?"

Alhamdulillah, nimeolewa na nafanya kazi. Mume wangu asipopokea simu, tumbo bado linakaza. Nangoja. Hupiga mwenyewe baadaye, alikuwa kwenye pikipiki.

Wataalamu waliofuatilia wagonjwa kwa miaka mingi wameona kuwa wengi hupata nafuu. Ndugu yangu, kama usiku huu unawaza kujiumiza, usikae peke yako. Mwamshe mtu wa nyumbani, au mgongee jirani, umwambie wazi unachowaza, akupeleke hospitali iliyo karibu usiku huuhuu.