Kibali Kimetoka, Barua Bado

Nasimamia tasnifu za wanafunzi wa uzamili katika afya ya jamii, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote halihusu takwimu wala nadharia. Ni hili: "Mwalimu, nitaanza lini?"

Sina ugomvi na kamati za maadili. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliangaliwa tu bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Anayedhani kamati hizi ni urasimu mtupu asome kwanza habari hiyo. Kwetu Tanzania ipo kamati ya taifa chini ya NIMR, na majaribio ya dawa hupitia pia TMDA. Na iwe hivyo.

Ugomvi wangu huanza pale kamati inapomaliza kazi. Mwanafunzi mwenye kibali mkononi hupeleka barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, akaelekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mganga mkuu wa wilaya, kisha kwa mganga mfawidhi wa hospitali, naye akamtuma kwa mkuu wa idara. Katika mlolongo huo hakuna anayepima maadili upya. Kila mmoja humwandikia anayefuata.

Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kujua kwa nini vidonda vya akina mama waliojifungua kwa upasuaji vinapata maambukizi. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, jalada lake lilikaa masijala wiki saba kwa kuwa mwenye saini alikuwa safarini na hakuna aliyekaimishwa. Karani simlaumu, alikuwa peke yake, na daftari moja la barua zote, za utafiti, za likizo na za zabuni. Tasnifu ilikamilika, ndiyo, lakini kwa sampuli ndogo mno kujibu swali lililoianzisha. Akina mama wale hawatajua kwamba walikosa jibu.

Machi 2020, watafiti wa Oxford nchini Uingereza walianza jaribio la RECOVERY. Mgonjwa wa kwanza aliandikishwa siku 9 tu baada ya rasimu ya itifaki. Juni mwaka huohuo wakatangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu, hupunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa korona walio kwenye mashine za kupumulia. Janga liliwasukuma, nakubali, tena wana mfumo mmoja wa afya. Lakini kamati ya maadili haikurukwa. Fomu ndizo zilizofupishwa, na hospitali zaidi ya 170 zikafuata itifaki moja.

Viongozi wa mkoa na wilaya wana haki ya kujua nani anaingia wodini. Kujua, hata hivyo, si kuruhusu. Nakala za kibali zingeweza kupelekwa kwao wote siku moja, na ruhusa ikabaki kwa hospitali yenyewe. Nayo hospitali imteue ofisa mmoja wa utafiti, awe na kaimu, na ukomo wa siku za kujibu ubandikwe mlangoni kwake. Haya hayahitaji mfadhili. Nyinyi wasomaji wangu mlio katika ofisi hizo, niambieni ni waraka gani unaowazuia.