Mlima Elgon: Ambako ndovu huchimba chumvi gizani

Je, msomaji, umewahi kusikia habari za ndovu wanaoingia ndani ya mlima usiku wa manane kutafuta chumvi? Hii si hadithi ya nyanya. Ni jambo linalotendeka katika Mlima Elgon, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda.

Likizo inapofika, jamaa nyingi za mjini hukimbilia Mombasa au Maasai Mara. Wachache sana hukumbuka mlima huu, ambao ni wa pili kwa urefu nchini baada ya Mlima Kenya. Ukiwa Nairobi, panda basi hadi Kitale, safari ya siku nzima. Hapo utapata matatu za Endebess, mji mdogo ulio karibu na lango la Chorlim la mbuga ya kitaifa iliyoanzishwa mwaka 1968.

Ukishaingia langoni, utaona msitu wa mitarakwa na mipodo minene, mbega wakiruka juu kwa juu. Hapa unaruhusiwa kutembea kwa miguu, mradi uandamane na askari wa wanyamapori. Usikatae kuandamana naye, kwani nyati wa Elgon hawana mzaha.

Kivutio kikuu ni mapango. Yapo Makingeny, ambalo maji humwagika mlangoni mwake kama pazia, Chepnyalil na Ngwarisha. Lakini lenye sifa kuu ni Kitum, ambalo limepenya mlimani yapata mita 200. Mvua nyingi ya mlima huu huosha chumvi kutoka ardhini, na majani yanayoliwa na wanyama hukosa ladha hiyo. Chumvi iliyobaki imo ndani ya mwamba. Hivyo ndovu huingia pangoni usiku, wakipapasa njia kwa mkonga katika giza totoro, huvunja mwamba kwa pembe zao na kuutafuna.

Tulipofika hapo, askari aliyetuongoza alimulika ukuta kwa tochi. Ukuta wote ulikuwa na michirizi ya pembe, kana kwamba seremala alikuwa amepita na patasi. Alitueleza kuwa ndani mna shimo refu ambalo ndama wamewahi kutumbukia na kufa. Ndama huijifunza njia hiyo kwa kumfuata mama yake. Ndiyo sababu ujangili wa miaka ya 1980, uliowaua ndovu wengi wa mlima huu, ulikuwa hasara maradufu. Ndovu mzee akiuawa, anayeijua njia ya gizani hutoweka pamoja naye.

Hapa, mzazi, sikiliza kwa makini. Mapango haya yana popo wengi, na popo wa aina hiyo hubeba virusi vya Marburg. Mwaka 1980 na tena 1987, watu waliokuwa wamezuru Kitum waliugua maradhi hayo na kufariki. Kwa hivyo waoneshe watoto pango wakiwa mlangoni, msiingie kwenye makazi ya popo, wala msiguse kinyesi chao. Utakayoyaona kutoka mlangoni yanatosha.

Wanafunzi wenye miguu imara wanaweza kupanda kilele cha Koitobos, mita 4,222 juu ya usawa wa bahari. Utapita msitu, kisha mianzi, kisha nyika baridi yenye mimea ya lobelia mirefu kuliko mtu. Juu kabisa utatazama bonde kubwa lililoachwa na volkeno iliyozima, ambako Mto Suam huanzia safari yake ya kwenda Turkana. Mwenzetu mmoja alipanda mbio mbio akijiona shujaa, akaumwa na kichwa na kutapika. Ilibidi tugeuke sote tukiwa bado mbali na kilele. Haraka haraka haina baraka. Kichwa kikianza kuuma, teremka.

Nenda kati ya Desemba na Machi, kabla ya mvua ndefu kugeuza barabara kuwa tope. Beba sweta nzito, koti la mvua, viatu vya kushika ardhi, tochi na chakula chako.

Vita vya mashamba vya 2006 hadi 2008 viliwatia wageni hofu, na wengine hawajarudi tangu hapo. Lakini siku hizi wenyeji hupokea wageni kwa mikono miwili, na vijana wao huwaongoza wageni mlimani ili wapate riziki. Kila familia inayozuru huwapa wenyeji sababu moja zaidi ya kutaka ndovu hao waendelee kuishi. Likizo ijayo, kabla ya kukata tikiti ya pwani, waulize wanao iwapo wangependa kuona ukuta uliochongwa na ndovu.